Kabla Hujawakabidhi Watu Watano Kompyuta Moja

Kompyuta itakayotumiwa na watu kadhaa ipangwe siku ya kwanza, kabla mtu wa pili hajaigusa. Watu wakishaanza kuhifadhi kazi zao humo, kila unachogeuza kinagusa jasho la mtu. Haya ninayoyaandika niliyashika baada ya kumpotezea mwenzangu kazi ya miaka miwili kwa kubofya mara moja. Nitafika huko. Tuanze na mepesi.

Kila mtu awe na akaunti yake. Hili halina mjadala. Akaunti moja ya wote haina siri, haionyeshi nani alifanya nini, na siku mmoja akibadilisha nenosiri bila kusema, wengine wote wanabaki nje.

Akaunti ya kwanza inayotengenezwa wakati wa kuweka Windows huwa ya msimamizi, na wengi huendelea kuitumia hiyo hiyo kuandikia barua na kufungulia tovuti. Usifanye hivyo. Jitengenezee akaunti ya pili, ya kawaida, ufanyie kazi humo. Ya usimamizi uiingie pale tu unapoweka programu au kurekebisha jambo. Programu mbaya ikikukuta kwenye akaunti ya kawaida inabanwa na mipaka ya akaunti hiyo, lakini ikikukuta kwenye usimamizi ina njia fupi ya kufika kwenye faili za kila mtu. Wengine wote wawe watumiaji wa kawaida, hata bosi. Hasa bosi, kwa sababu yeye hana muda wa kusoma ujumbe unaotokea kwenye skrini.

Wasimamizi wawe wawili. Mmoja akiugua au akisafiri, kazi isisimame. Nenosiri la usimamizi liandikwe kwenye karatasi, lifungwe kwenye bahasha, liwekwe kabatini penye ufunguo. Kulibandika chini ya kibodi ni sawa na kutokuwa nalo.

Manenosiri yawe marefu. Urefu unasaidia kuliko alama za ajabu zinazosahaulika kesho yake. PIN ya Windows inafanya kazi kwenye mashine hiyo moja tu, kwa hiyo si vibaya kuitumia, ila isiwe mwaka wako wa kuzaliwa. Kompyuta inayowaka na kuingia yenyewe bila kuuliza nenosiri irekebishwe leo. Skrini ijifunge baada ya dakika chache, na kila mtu afundishwe kuifunga kwa mkono anapoinuka: kwenye Windows ni kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na L, kwenye Mac ni Control, Command na Q. Wafundishe wakiwa wamekaa mbele ya mashine. Ukiwaambia kwa mdomo tu watasahau.

Ukiwasha akaunti ya mgeni kwenye Mac, mwambie mgeni mapema kwamba akitoka, kila alichohifadhi humo kinafutwa. Nimeona mtu akiandika barua ya maombi ya kazi usiku mzima, akatoka, ikaenda.

Sasa ruhusa za faili. Hapa punguza mwendo.

Kwa kawaida Windows humfungia kila mtumiaji folda yake, na watumiaji wengine wa kawaida hawawezi kuchungulia. Msimamizi anaweza. Akijaribu kufungua folda ya mtu, mfumo unamwambia hana ruhusa, kisha unampa kitufe cha kuendelea, na akikibofya anapewa ruhusa ambayo haiondoki akishafunga dirisha. Inabaki hapo. Kwa hiyo kama wewe ndiye msimamizi, usibofye kwa udadisi, na uwaambie watu ukweli kwamba wewe unao uwezo huo. Wana haki ya kujua.

Kwa vitu vya wote, tumia folda ya pamoja iliyo nje ya folda za watu. Ruhusa zitolewe kwa kundi, si kwa jina la mtu mmoja mmoja. Mtu mpya akija unamwingiza kundini, akiondoka unamtoa, basi. Ukianza kuandika majina kwenye kila folda, baada ya mwaka hakuna atakayejua nani anaona nini, na wewe mwenyewe utakuwa umesahau. Tofautisha pia kusoma na kubadilisha. Fomu tupu na orodha zinazotumiwa na wote zisomwe na wote, lakini abadilishe mmoja au wawili. Faili nyingi zinazoharibika kwenye kompyuta ya pamoja huharibiwa na mtu mwema aliyefungua, akafuta mstari bila kujua, akahifadhi.

Kuwa mwangalifu na ruhusa ya kukataza. Kwenye folda moja, katazo uliloliweka hushinda idhini uliyoitoa, kwa hiyo ukikataza kundi linaloitwa Everyone, yaani kila mtu, umejikataza na wewe. Usipotaka mtu aingie, mwondoe tu kwenye orodha ya walioruhusiwa. Inatosha.

Wa Linux, acheni chmod 777, ile amri ya kumpa kila mtu ruhusa zote za faili. Najua inaondoa ujumbe wa kukataliwa papo hapo, ndiyo maana inapendwa. Lakini kila tarakimu hapo ni jumla ya 4 ya kusoma, 2 ya kuandika na 1 ya kuendesha, na saba tatu maana yake mwenye faili, kundi lake, na mtu mwingine yeyote mwenye akaunti wanaweza kufanya lolote. Tengeneza kundi, lipe folda ya pamoja, kisha weka 2770: ile 2 ya mwanzo inafanya kila faili mpya ndani yake iwe ya kundi hilo badala ya kundi la aliyeiandika. Angalia na folda za nyumbani za watumiaji. Ubuntu, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, ilianza kuzifunga kwa watu wengine kuanzia toleo la 21.04, kabla ya hapo, mtumiaji yeyote wa mashine aliweza kuzisoma. Folda zilizotengenezwa zamani hazijifungi zenyewe kwa sababu tu umesasisha mfumo. Zikague.

Tena, flashi nyingi zina mpangilio wa FAT32 au exFAT, na mipangilio hiyo haibebi ruhusa. Faili uliyoifungia vizuri kwenye kompyuta, ikinakiliwa humo, inasomwa na yeyote atakayeiokota.

Sasa lile lililoniuma.

Nilikuwa msimamizi wa kompyuta ya ofisi iliyotumiwa na watu wanne. Mmoja wao alikuwa mama mtu mzima, mtulivu, aliyetunza kumbukumbu za mikutano na hesabu zote. Alienda likizo ya wiki tatu. Aliporudi, asubuhi ile ile akaja mezani kwangu: "Mwanangu, nenosiri limenitoka kabisa." Nikamwambia, "Usijali mama, hiyo ni dakika moja." Na kweli ilikuwa dakika moja. Niliingia kwa usimamizi, nikachagua akaunti yake, nikamwekea nenosiri jipya. Ujumbe mrefu ulijitokeza katikati ya skrini. Niliona ni tahadhari kama tahadhari nyingine, nikabofya kukubali.

Akaingia. Picha yake ya eneokazi ikatokea, folda zake zikatokea, majina ya faili yote yapo. Akabofya kitabu cha hesabu: huna ruhusa. Akabofya cha pili: huna ruhusa. Akanigeukia.

Nilidhani ni tatizo la ruhusa kwa sababu neno lenyewe lilikuwa ruhusa. Nikampa ruhusa zote. Haikusaidia. Nikajifanya mwenye faili, nikazigawa upya, nikarudisha. Siku mbili nilicheza na orodha zile, na kila nilipofungua niliona amepewa kila kitu, na faili hazifunguki. Siku ya pili jioni ndipo nilipotazama vizuri nikaona majina ya faili zile yana rangi ya kijani. Zilikuwa zimesimbwa, yaani yaliyomo yamegeuzwa yasisomeke bila ufunguo.

Windows, tangu ile ya 2000, ina njia ya kusimba faili moja moja inayoitwa EFS. Haimo kwenye matoleo ya nyumbani, ila kwenye ya kazini imo, na kuiwasha ni kuweka alama ya tiki kwenye sifa za folda. Mama yule aliwahi kusikia kwamba hesabu zinapaswa kulindwa, akaitafuta alama ile, akaiweka. Alifanya jambo jema. Mfumo ulimwomba atunze nakala ya ufunguo, na yeye, asiyejua ufunguo gani, akaufunga ujumbe. Ufunguo wa faili zile ulikuwa ndani ya akaunti yake, umelindwa kwa nenosiri lake. Mtu anapobadilisha nenosiri lake mwenyewe, akiandika la zamani na jipya, ufunguo unahama naye. Msimamizi anapomwekea jipya kwa nguvu, bila lile la zamani, ufunguo unabaki umefungwa kwa nenosiri lisilojulikana tena. Ule ujumbe niliokubali bila kuusoma ulikuwa unaniambia hivyo hivyo.

Ruhusa ni mlinzi mlangoni. Msimamizi anaweza kumwamuru afungue. Usimbaji ni maandishi yaliyogeuzwa yasisomeke, na hakuna wa kumwamuru. Njia pekee iliyobaki ilikuwa akumbuke nenosiri la zamani, tulirudishe lile lile, ufunguo ufunguke. Alikaa na karatasi siku nzima akiandika kila alichodhani. Halikuja. Hakunigombeza hata mara moja, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Tulikusanya yaliyokuwa yametumwa kwa barua pepe, tukatafuta yaliyochapishwa, akayaandika upya kwa majuma. Mengine hayakupatikana popote.

Kwa hiyo fanya haya kabla. Kwenye akaunti ya kila mtu, fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike cipher /u /n. Litakuorodheshea faili zilizosimbwa kwenye diski za mashine hiyo. Kwenye matoleo ya sasa utaona pia kialama cha kufuli juu ya picha ya faili. Zikiwepo, mwenyewe aingie, atoe nakala ya ufunguo kwa cipher /x, aupe nenosiri, na uhifadhiwe kwenye flashi inayokaa nje ya kompyuta hiyo. Akiwa na akaunti ya ndani ya mashine, si ile ya mtandaoni ya Microsoft, atengeneze pia flashi ya kurejeshea nenosiri. Inatengenezwa wakati bado analikumbuka. Na mtu akikujia kasahau, ondoa mkono kwenye kipanya. Muulize kwanza: uliwahi kufunga faili zako kwa namna yoyote? Mpe siku ya kukumbuka. Hakuna kazi ya asubuhi moja inayolipia hasara ile.

Hii isikufanye uogope usimbaji. Ruhusa zote nilizozitaja juu zinafanya kazi pale tu mfumo wenyewe unapokuwa umewaka. Mtu akiiwasha kompyuta yako kwa flashi yenye mfumo mwingine, au akiichomoa diski na kuichomeka kwingine, anasoma kila kitu kana kwamba hukuwahi kupanga. Ndiyo maana diski nzima isimbwe, kwa BitLocker kwenye Windows au FileVault kwenye Mac. Lakini ufunguo wa kurejesha, ule wa tarakimu 48 wa BitLocker, uchapishwe na uingie kwenye bahasha ile ile ya kabatini unapoiwasha huduma hiyo, kabla usimbaji haujaanza. Ukiuhifadhi kwenye kompyuta hiyo hiyo umeufungia ufunguo ndani ya nyumba.

Kivinjari nacho. Wanaotumia akaunti moja ya kompyuta na kutenganisha wasifu ndani ya kivinjari wanajidanganya; yeyote aliyeketi hapo anabadilisha wasifu kwa kubofya mara mbili na kukuta barua pepe ya mwenzake imefunguka.

Nakala za akiba ziwepo, zijaribiwe kufunguliwa, na zisikae kwenye folda ambayo watumiaji wa kawaida wanaweza kuifuta.

Mtu akiondoka kazini, izime akaunti yake lakini usiifute wiki hiyo. Kuifuta pamoja na data kunaondoka na eneokazi lake, nyaraka na picha. Wala usidhani utairudisha kwa kutengeneza nyingine yenye jina lile lile. Windows hutambua akaunti kwa namba ndefu inayoanza na S-1-5-21, si kwa jina, na akaunti mpya hupewa namba mpya. Folda za zamani zitamwona ni mtu baki.

Mengine ni uangalifu wa kawaida. Usigeuze ruhusa za diski nzima kwa sababu folda moja imegoma. Usiguse mipangilio hii jioni ukiwa na haraka ya kwenda nyumbani. Soma ujumbe wa tahadhari mpaka nukta ya mwisho, usipouelewa uache, uulize. Kila unachobadilisha kiandike kwenye daftari: tarehe, folda gani, ilikuwaje mwanzo. Ukimaliza yote, ingia kwa akaunti ya mtumiaji wa kawaida, mwenyewe akiwa amekaa pembeni yako, ujaribu kufungua folda moja moja zile ambazo yeye hatakiwi kuzifungua.