Somo: Katika uchunguzi wa maiti, shingo hufunguliwa mwisho

Wakuu, wiki hii nimeulizwa mara tatu: "Dokta, nimekuta damu shingoni, niandike amenyongwa?" Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

1. Soma maelezo ya polisi, ujue mwili ulikutwaje.

2. Piga picha kabla ya kuvua chochote.

3. Kitanzi kikiwepo, kikate mbali na fundo, kisha unganisha ncha kwa uzi. Fundo ni ushahidi, lisifunguliwe.

4. Pima alama ya shingoni. Ya kuning'inia kwa kawaida hupanda kuelekea fundo na kukatika hapo. Ya kunyongwa kwa kamba mara nyingi hulala na kuzunguka shingo nzima.

5. Geuza kope utafute vidoa vya damu. Viandike, lakini usihukumu kwavyo: hata moyo ukishindwa huvileta.

6. Hapa ndipo nilipoharibu. Mwaka wangu wa kwanza kazini, ndugu wako nje na jeneza, nikaanza na shingo ili niwahi. Mishipa ilikuwa imejaa. Damu ikapenya nyuma ya umio hadi kwenye pingili za shingo. Nikaiona kama damu iliyovilia, nikaandika "amekabwa". Mume wa marehemu akalala rumande kwa kisu changu. Kosa hili madaktari Prinsloo na Gordon walilieleza tangu 1951 huko Afrika Kusini, na mimi sikuwa nimelisoma. Kwa hiyo: toa ubongo, toa moyo na mapafu, weka kigogo chini ya mabega, acha damu ichuruzike hadi shingo ikauke. Ndipo uinue misuli tabaka kwa tabaka, mmoja mmoja, ukiwa bado mahali pake. Ulimi na zoloto vitoke mwisho kabisa.

ONYO: usivute zoloto kwa nguvu, utavunja mwenyewe pembe za hioidi, kile kimfupa cha shingoni chini ya ulimi. Ukikuta mvunjiko usio na damu pembeni, shuku mkono wako kwanza.

MASWALI

– Dokta kwa kifupi, hioidi nzima maana yake hakunyongwa?

Hapana. Ya kijana hunepa. Anaweza kukabwa hadi afe isivunjike.

– Sisi hatuna msaidizi. Kuanza na kichwa kunachelewesha.

Chelewa. Namba 6 umeisoma?

– Shikamoo mwalimu, mimi ni daktari tarajali. Mwili umetoka chumba chenye jiko la mkaa, una wekundu wa waridi. Shingo nayo niifungue?

Marahaba mdogo wangu, swali zuri. Ifungue, jiko lisikufumbe macho. Ila kwanza vuta damu ya mshipa wa paja, ijaze chupa hadi juu, maabara wapime kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu ya mkaa inayoleta wekundu huo. Ngozi peke yake usiiamini, maana mwili uliokaa kwenye friji nao hupata wekundu huo; tazama misuli na viungo vya ndani kama vina rangi ileile. Na kama kuna waliolala naye wakapona, waulize waliamka na kichwa kinauma au kutapika.

– Mimi mhudumu wa mochwari. Kigogo chetu kimeoza, tunatumia chupa ya maji ya lita moja na nusu.

Inafaa kabisa. Ijazeni maji mkaze kifuniko, tupu hubonyea.