Kansa ya utumbo ikishaingia ini: mambo ya kufanya kabla hamjakata tamaa

Jamani watu wa Lamu, tukiambiwa kansa ya utumbo mpana ya mzee imefika kwenye ini wengi wetu twaona basi, kilichobaki ni kumuuguza. Hapana, ngojeni kwanza. Damu ya utumbo hupitia kwenye ini kabla haijaenda kwengine, ndo mana kansa hii hukwama hapo, na kuna wagonjwa waliokatwa hicho kipande cha ini na wako hai miaka na miaka. Si wote wanaofaa kukatwa, wengi mwanzo hawafai, lakini wa kusema hivyo ni daktari wa upasuaji wa ini mwenyewe. Kwa hiyo ulizeni wazi, "daktari, hizi picha zishaonwa na mpasuaji wa ini?" Kama bado, ombeni barua ya rufaa Mombasa ama Nairobi.

Ile siti skeni (picha ya ndani ya mwili) ya kabla ya kemo, yaani dawa za kuua kansa, ichungeni sana, na ombeni sidii yenyewe ya picha, ripoti ya karatasi haitoshi. Kemo ikikubali, vidoa vidogo vya kansa hupotea kwenye picha na kumbe kansa bado i hai mle ndani, sasa daktari bila picha ya kwanza atajuaje akate wapi? Ifungeni kwa plastiki mbili, maana boti ya kuvukia Mokowe ikipigwa na wimbi kila kitu charowa, na kwenye basi kaeni nayo mkononi.

Jambo kubwa kwa daktari ni ini litakalobaki. Ini lenye afya hukua tena hata ikibaki asilimia 20 hivi, lililochoshwa na kemo wataka ibaki 30 ama zaidi. Ikionekana haitatosha, huziba mshipa unaolisha upande wa kukatwa, mwasubiri kama wiki 4 mpaka 6 upande wa pili unenepe, ndo mgonjwa aingie tieta, chumba cha upasuaji. Vidoa vya chini ya sentimita 3 saa zengine huchomwa tu kwa sindano ya moto.

Baada ya kemo pia kuna kungoja wiki kadhaa kabla ya kukatwa, msidhani mmesahauliwa. Mpeni samaki, mayai, maharagwe, atembee hata mpaka msikitini na kurudi, na sigara aache kabisa. SHA, bima ya afya ya serikali, iwe imelipwa, na muulize hospitali itafunika kiasi gani kabla ya tarehe kuwekwa.

Akishatoka hospitali, kipimo cha damu cha CEA (cha kuangalia dalili za kansa kurudi) na skeni ni kila miezi 3 mpaka 6 miaka 2 ya mwanzo, msiruke hata kama anajisikia mzima, kwa sababu ikirudi kwenye ini peke yake na ikaonekana mapema, yaweza kukatwa tena.