Kupamba Nyumba kwa Krismasi kwa Ladha Yako

Kabla ya kununua pambo lolote, tazama rangi zilizopo sebuleni: mapazia, makochi, zulia, kuta. Hizo hazibadiliki Desemba, na mapambo yatakaa katikati yake. Chagua rangi mbili zinazopatana nazo, kisha ongeza moja ya kumetameta, iwe dhahabu, fedha au shaba. Nyekundu na kijani si sharti. Makochi ya kijivu na mapazia ya bluu, kwa mfano, hupendeza kwa nyeupe, bluu iliyokolea na fedha. Unapenda rangi nyingi? Ziunganishe kwa kitu kingine: mapambo yote yawe ya mbao, ya kitambaa, au ya kung'aa.

Kinachosahauliwa sana ni rangi ya mwanga. Kwenye boksi la taa za LED tafuta namba yenye herufi K. Kati ya 2700K na 3000K mwanga huelekea manjano na hukaa vizuri na dhahabu, nyekundu na mbao. Kuanzia 5000K huwa mweupe wa kuelekea bluu, unaofaa fedha na bluu. Usichanganye aina hizo mbili kwenye mti mmoja, maana jicho huzilinganisha na zile za manjano huonekana kama zimefifia.

Mti uwe mfupi kuliko dari kwa sentimita 30 hivi, nyota ipate nafasi. Kama ni bandia, anza safu ya chini ukipanda: kunjua kila kitawi, vilivyo karibu na shina kwanza, vingine ukivielekeza juu, vingine pembeni. Kazi hii inachosha, lakini ukiiruka hakuna idadi ya mapambo itakayoficha mapengo. Mti halisi ukatwe kipande cha sentimita 2 kwenye mwisho wa chini wa shina na uwekwe majini mara moja. Ukichelewa, utomvu huziba mkato na mti hunyauka mapema. Angalia maji kila siku.

Taa hutangulia mapambo mengine yote. Mti wa sentimita 180 unahitaji taa 400 hadi 600. Ziwashe zikiwa sakafuni ujue zote ni nzima, kagua kama waya umechubuka, kisha anzia chini karibu na soketi. Anayeanzia juu mara nyingi hufika chini akiwa ameshika ncha isiyo na plagi. Usizungushe waya kwa nje tu. Uingize hadi karibu na shina, uutoe hadi ncha ya tawi, ndipo mti upate kina. Rudi nyuma hatua kadhaa na ufumbe macho nusu: penye giza pataonekana wazi.

Utepe ufuate. Wenye waya pembeni hushika umbo; ukate vipande vya sentimita 60 hadi 80 na ufiche ncha zake ndani ya matawi, kwani utepe mmoja mrefu huufanya mti uonekane umefungwa kamba. Mipira mikubwa, ya sentimita 8 hadi 10, iingie ndani karibu na shina ili iakisi taa. Midogo ikae kwenye ncha, ambazo haziwezi kubeba uzito. Rangi kuu ichukue zaidi ya nusu ya mipira, ya pili karibu theluthi, ya kumetameta ibaki chache. Mapambo yenye kumbukumbu, hata yasipolingana na rangi, yatundike mwisho usawa wa macho. Ndiyo yanayoufanya mti uwe wako.

Kwingineko chagua sehemu mbili au tatu tu, kama mlango, meza ya chakula na rafu moja, na uondoe vitu vya kawaida kabla ya kuweka vipya. Kulabu za gundi huanguka kwa sababu ya vumbi au mafuta ukutani: pangusa kwa spiriti, pakauke, bandika, subiri saa moja ndipo utundike.

Usichomeke ekstensheni juu ya ekstensheni wala kuipitisha chini ya zulia, kwani joto hukosa pa kutokea. Nje tumia tu taa ambazo boksi linasema ni za nje. Mishumaa ya moto ikae mbali na mti, na taa zote zizimwe kabla ya kulala.