Boga litazame kikonyo: mbegu za asili za maboga na figili kwa bustani za Tanga

Ukienda soko la Mgandini kununua boga la futari, usiishie kuligonga. Ligeuze, tazama kikonyo. Kikiwa kigumu, chenye pembe tano, na kimetanuka kama unyayo wa bata pale kinapolishika boga, hilo ni la jamii ya Cucurbita moschata, inayostahimili joto na unyevu wa pwani. Kikiwa kinene, cha mviringo na laini kama kizibo cha chupa, hiyo ni Cucurbita maxima. Nayo ni tamu, lakini joto letu huichosha. Waachieni ndugu zetu wa Lushoto, milimani kwenye baridi.

Shambani utaitambua ya kwanza kwa majani yenye mabaka meupe kando ya mishipa. Majani hayohayo ni mboga, ila usiyachume mpaka shina likabaki uchi ukategemea bado litazaa.

Sasa mbegu. Lipike boga kwanza, ule. Kwa boga la nazi unataka nyama kavu yenye rangi ya chungwa iliyokolea, isiyotoa maji sufuriani. Likikupendeza, weka mbegu. Likiwa chungu, tema na mbegu utupe. Lakini kumbuka: la sokoni, mama yake umemwona, baba yake humjui. Nyuki hubeba chavua kutoka ua la jirani, na tofauti huioni kwenye boga la mwaka huu bali kwenye watoto wake. Mimi niliwahi kupanda boga la kienyeji bega kwa bega na butternut, ambalo nalo ni moschata. Msimu uliofuata nikavuna vitu virefu vya kijivujivu, ladha maji matupu. Mke wangu akawapa kuku.

Ukitaka mbegu isiyochanganyika, panda aina moja tu ya moschata, na jirani naye asiwe na nyingine, au uchavushe kwa mkono. Jioni tafuta ua jike (lina kiboga kidogo chini yake) na ua dume, yote yakiwa yameanza kugeuka manjano lakini hayajafunguka. Yafunge ncha kwa uzi. Alfajiri, kabla nyuki hawajaamka vizuri, chuma dume, bandua petali, lisugue ndani ya jike, kisha ulifunge tena jike. Tia alama ya kitambaa kwenye kikonyo. Boga hilo likikomaa, liweke ndani wiki tatu kabla ya kulipasua ili mbegu zijae. Zioshe, zianike kivulini mpaka ukiikunja moja inavunjika. Hifadhi kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Unyevu wa pwani ndio adui mkubwa wa mbegu.

Nafasi ni mita 2 kwa 2, shimo lijazwe samadi iliyooza. Mbegu ya chotara haifai kuwekwa, hata boga lake liwe zuri vipi: watoto hawafanani na mama.

Figili ni habari nyingine. Ile ndogo nyekundu, kama French Breakfast yenye ncha nyeupe, hukomaa kwa siku 25 hadi 30, lakini kwenye joto la Februari huwa kali, hukauka ndani kama sponji na kukimbilia maua. Ipande wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, tena kidogokidogo, mstari mmoja kila wiki. Nyeupe ndefu inavumilia zaidi, ila inataka udongo uliolimwa kwenda chini, la sivyo hupinda na kugawanyika miguu.

Chaguo langu kwa mjini Tanga ni ile ya maganda, ambayo Wahindi huiita mogri. Huitaki mizizi yake: iache ichanue, ule maganda mabichi kwenye kachumbari au uyakaange. Joto linalozikwamisha figili nyingine ndilo linaloisukuma hii ichanue mapema.

Figili zote hupandwa moja kwa moja shambani, kina cha sentimita 1, kisha hupunguzwa. Mwagilia kila siku. Ukiona majani yametobolewa matundu madogo madogo, ni vile vimende vinavyoruka kama viroboto. Funika tuta kwa chandarua kikuukuu tangu siku unayopanda.