SOMO: Kufunga mlango wa kuslaidi wa reli ya juu kwenye ukuta wa tofali

Habarini wakuu. Swali hili nimeshalijibu inbox mpaka nimechoka, "fundi ule mlango unaoning'inia kwenye reli unafungwaje", kwa hiyo naandika mara moja, ukiniuliza tena nakuelekeza hapa. Ni ule mlango Wamarekani waliutoa kwenye maghala ya mashambani wakauingiza sebuleni, hauna bawaba, una rola mbili juu zinatembea kwenye bapa la chuma. Mimi ni seremala, nafunga Dar na Pwani, na ninayosema hapa ni ya nyumba zetu za tofali la sementi. Video nyingi mnazonitumia ni za nyumba zenye kuta za mbao na jipsamu, ukizifuata vilevile kwenye tofali utaumia.

Jiko na sebule, korido, stoo, chumba kidogo ambacho mlango ukifunguka unagonga kitanda, hapo unafaa sana. Chooni usiweke. Kati ya mlango na ukuta kunabaki uwazi, harufu inapita na sauti inapita. Mlango wa nje ndio kabisa usithubutu.

HATUA YA 1: Pima. Mlango uzidi uwazi (nafasi ya ukutani mnayopitia) kwa sm 5 kila upande. Uwazi wa sm 90, mlango mita 1, reli mita 2, na pembeni ukuta mtupu usiopungua mita 1. Angalia huo ukuta mtupu una nini. Kwetu swichi ya taa inakaa pembeni ya mlango, mlango ukifunguka unaifunika. Na juu ya swichi kuna bomba la waya linapanda mpaka darini, usitoboe kwenye huo mstari.

HATUA YA 2: Ng'oa mlango wa zamani na fremu yake. Mikia ya chuma iliyoshika fremu ikate kwa grinda, usipige nyundo, plasta itakuja yote.

HATUA YA 3: Mlango wenyewe. Mbao kavu tu, mbichi itapinda na hapa hakuna fremu ya kuificha. Jua na uzito. Mlango wa mita 1 kwa mita 2.15 wenye unene wa sm 4, ukiwa paini ni kama kilo 40, mninga kama 55, mkongo unakaribia 70. Seti nyingi za reli zimeandikwa kilo 100 ila hiyo ni namba ya reli na rola, sio ya ukuta wako.

HATUA YA 4: UBAO WA KUBEBEA RELI. Hapa someni taratibu.

Mwaka 2019 nilifunga mlango wa mninga kwa mteja mmoja Tabata. Nikaweka reli moja kwa moja ukutani kwa kufuata matundu yake, matano. Mawili ya juu ya uwazi yaliingia kwenye linta (boriti ya zege inayopita juu ya mlango) safi, moja likagonga nondo nikaliacha fupi, mawili ya pembeni nikatumia fisha za plastiki na skrubu nikijua linta inaendelea mpaka kule. Haikuendelea. Ulikuwa ukuta wa ndani wa kugawa vyumba, linta iliishia sm 20 baada ya uwazi, mbele yake ni tofali lenye mchanga mwingi. Na fikirini, mlango huu mchana kutwa uko wazi, maana yake uzito wote unakaa PEMBENI, juu ya tofali, sio juu ya linta. Wiki ya tano mkia wa reli ukashuka, kipande cha plasta kikubwa kama sahani kikatoka na fisha zake mbili, rola ikaruka na mlango ukaja chini kwenye kochi. Mtoto wa miaka 4 alikuwa chumba cha pili. Nilirudi nikarekebisha ukuta kwa hela yangu na mpaka leo sijafunga reli bila ubao.

Kwa hiyo: chukua mbao ngumu kavu, inchi 6 upana, ikisharandwa ibaki sm 3.5, urefu uzidi reli kidogo. Huo ndio unaoshika ukuta, na reli inashika ubao. Faida yake ni kwamba matundu ya ukutani unayachagua wewe, ukigonga nondo unasogea sm 5 na maisha yanaendelea. Ukigonga nondo utajua, biti inaanza kulia, vumbi linakata, ncha inapata moto. Usikandamize, hama.

Kabla ya hapo toboa tundu dogo la majaribio pembeni kabisa ya reli itakapofika, mahali ubao utapafunika. Vumbi la zege ni laini, la kijivu, na drili inakwenda kwa shida. Tofali linatoa mchanga na biti inazama yenyewe. Ukikuta zege, tumia bolti za kutanuka za mm 10, na ziingie sm 6 ndani ya zege LENYEWE. Plasta haihesabiwi. Ubao sm 3.5, plasta 2, zege 6, ndiyo maana nawaambia nunueni za sm 12 mnaleta za sm 8. Ukikuta tofali, usiweke bolti ya kutanuka wala fisha, inapasua. Toboa mpaka upande wa pili, pitisha bolti ndefu, kule nyuma weka sahani ya chuma ya sm 10 kwa 10 na nati. Sahani unaizamisha kwenye plasta unaskimu juu, haionekani.

Usifunge ubao peke yako. Usitegemee gundi. Usitumie misumari ya zege, hata kumi.

HATUA YA 5: Reli kwenye ubao, kwa zile skrubu nene zenye kichwa cha bolti zinazokuja na seti. Tangulia na tundu dogo, kwenye mninga bila tundu skrubu inakatika shingo. Kimo cha reli kisome kwenye mchoro wa seti yako, kila seti ina namba yake. Ila kipimo cha kutoka sakafuni anzia pale sakafu ilipo juu kabisa kwenye njia yote ya mlango, halafu fuata pima maji. Sakafu zetu nyingi hazijalala sawa, ukiifuata sakafu mlango utakuwa unajifungua wenyewe usiku.

HATUA YA 6: Funga rola kwenye mlango, ning'iniza (watu wawili), kaza vizuizi vya mwisho wa reli. Vile visahani viwili vya juu ya mlango vinavyozuia kuruka, watu wanavitupa wakidhani ni vya ziada. Vifunge.

HATUA YA 7: Kiongozi cha chini, bila hicho mlango unabembea na kugonga ukuta. Kwenye vigae toboa kwa biti ya vigae na uzime hama (mpigo wa nyundo) ya drili. Kama hujui bomba la maji limepita wapi, nunua kile cha kufunga ukutani.

Karibuni kwa maswali, ila someni kwanza.

Kimara_Mwisho: Fundi jumla sh ngapi kufungiwa?

Mleta somo: Uwazi sm ngapi? Mbao gani? Ukuta gani? Hujasema hata kimoja.

Kimara_Mwisho: Mlango wa kawaida tu

Mleta somo: Hatua ya 1. Pima urudi.

BwanaSiment: Mimi nimefunga bila ubao, fisha za mm 8, mwaka wa tatu huu haujaanguka. Mnawatisha watu.

Mleta somo: Mlango wako wa nini, na linta yako ni ya mzunguko wa nyumba nzima?

BwanaSiment: MDF nyepesi. Linta imezunguka yote.

Mleta somo: Basi umebebwa na linta na wepesi wa mlango, sio na fisha. Anayesoma hapa hajui kama linta yake imezunguka. Simtishi mtu, mimi nimeliona hilo kochi.

MamaMapacha: Asante sana kaka kwa somo. Swali, ukuta wangu wa pembeni ndio huo wenye swichi na sina ukuta mwingine. Nimefikiria, je mlango ukifunguka upande wa chumbani badala ya koridoni inasaidia? Au nihamishe swichi?

Mleta somo: Dada umefikiria vizuri. Ndiyo, reli ikikaa upande wa chumbani swichi ya koridoni inabaki huru, ila angalia chumbani napo upande huohuo hakuna swichi ya taa ya chumba, mara nyingi zimepeana mgongo. Kama zipo zote, fundi umeme aihamishe ile ya chumbani upande wa pili wa uwazi kabla hujaniita mimi, maana atachimba ukuta. Na kwa kuwa una watoto wadogo, omba kizuizi chenye breki, mlango unapunguza mwendo wenyewe mwishoni. Vidole vinabanwa sana kati ya mlango na ukuta, kwa hiyo kishikio cha upande wa nyuma kiwe cha kuzama.

MamaMapacha: Vidole sikuwa nimewaza kabisa. Ubarikiwe.

welda_Tanga: Mkuu, naweza kuchomelea reli mwenyewe kwa flatibaa (bapa la chuma)? Seti za dukani bei imesimama. Na huku chumvi ya bahari inakula chuma.

Mleta somo: Unaweza vizuri tu. Flatibaa ya mm 40 kwa mm 6, chagua iliyonyooka, ilaze kwenye kigae uone kama kuna mwanga unapita chini. Rola ndizo zinazowashinda watu, wanaweka bearing tupu, inateleza pembeni. Inatakiwa yenye mfereji wa kukaa juu ya bapa, mpe fundi wa lathi akuchongee za nailoni ngumu juu ya bearing, zitakuwa kimya kuliko za chuma. Kutu: piga praima pande zote pamoja na NDANI ya matundu, kutu inaanzia pale. Njia ya rola usiweke grisi, inashika vumbi inakuwa kama msasa. Sugua mshumaa mkavu, inatosha.

welda_Tanga: Mshumaa nimeuchukua hata kwa geti langu

mpangaji_mpya: Je unafaa chooni?

Mleta somo: Nimeshajibu, soma juu kabisa.

mpangaji_mpya: Nauliza tu mbona mkali

Mleta somo: Sio ukali ndugu, nimeandika kwa saa mbili. Hapana, chooni haufai.

Mjukuu_wa_Shangani: Shikamoo fundi. Niko Unguja. Nina bawa moja la mlango wa zamani wa babu, wa kuchonga, bawa lenye mfaa (ule mti wa katikati unaoziba mwanya wa mabawa mawili). Nataka kulining'iniza sebuleni kama mlango wa kuslaidi, nyumba ni ya Mji Mkongwe. Nitaliwezaje bila kuliharibu?

Mleta somo: Marahaba. Hilo swali zuri, usikimbilie drili. Bawa la aina hiyo halina bawaba, linazunguka kwenye ncha mbili za mbao, juu na chini. Hizo ncha usizikate, ndizo zinaonyesha ulikuwa mlango wa kweli. Kwanza lipime uzito, simama kwenye mizani wewe na mwenzako mkiwa mmelibeba, halafu bila bawa, toa.

Mjukuu_wa_Shangani: Kilo 74 fundi. Ukuta mnene, karibu nusu mita.

Mleta somo: Huo ukuta ni mawe ya matumbawe na chokaa. Bolti ya kutanuka haishiki humo, inayasaga mawe inabaki inacheza. Uzito usiuweke ukutani. Simamisha nguzo mbili za mbao ngumu kutoka sakafuni, moja kila mwisho wa reli, juu yake boriti moja ya inchi 3 kwa 6, reli ifunge kwenye boriti. Uzito wote unashuka chini, ukuta unazuia tu nguzo zisilale mbele. Kama ni ghorofani nguzo zikae juu ya boriti za sakafu, sio katikati. Nakshi usitoboe, weka fremu ya flatibaa nyuma ya bawa ilishike kingo, rola zifunge kwenye fremu. Na kabla ya yote pita Mamlaka ya Mji Mkongwe uulize kibali, eneo lile liko kwenye urithi wa dunia tangu 2000 na mabadiliko ya nyumba hayafanywi kimyakimya. Nitumie picha ya mgongo wa bawa nikuchoree hiyo fremu, sitaki hela.