Jinsi ya kumlilia Steve Irwin ukiwa Mwanza

Kama kifo cha Steve Irwin, yule jamaa wa mamba wa kwenye TV kutoka Australia, bado kinakuuma, tarehe 4 Septemba, siku samaki taa, yule bapa mwenye mwiba mkiani, alipomchoma kifuani mwaka 2006 akiwa na miaka 44 tu, usijifungie ndani unarudia klipu zile zile, beba watoto mpande boti pale Capri Point mwende kisiwa cha Saanane, hifadhi ya wanyama. Waoneshe mijusi kafiri, kichwa chekundu mwili bluu, wanavyopiga pushapu juu ya mawe. Mtoto akiokota jiwe ampige mjusi mzuie hapohapo, jamaa alipenda hata wanyama wanaochukiwa, ndo matanga yenyewe hayo. Na taa msimlaumu, maana jamaa alipofariki kuna taa walikutwa ufukweni Queensland wamekatwa mikia, ujinga mtupu! Boti ya kurudi ulizieni mapema.