Kujumlisha sehemu katika darasa lenye wanafunzi wanaojifunza kwa njia tofauti

Usianze kwa kuwagawa watoto kuwa wa macho, wa masikio na wa mikono. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake nchini Marekani walipitia tafiti za mitindo ya kujifunza, wasipate ushahidi wa kutosha kwamba mtoto hufaulu zaidi akifundishwa kwa mtindo "wake". Pitisha somo kwenye njia kadhaa, na kila mtoto azipite zote. Tuchukue 1/2 + 1/4, wanafunzi 60, dakika 40.

Kata karatasi za A4 kwa urefu, vipande vya upana wa sm 3, kisha punguza kila kimoja kibaki sm 24. Karatasi moja hutoa vipande 7, kwa hiyo 13 zinatosha jozi 30, kila jozi vitatu. Tunachagua 24 kwa sababu inagawanyika kwa 2, 3, 4, 6 na 8. Vipande visipolingana urefu, somo limeharibika: nusu ya kifupi itakuwa ndogo kuliko nusu ya kirefu, na mtoto atakuwa sahihi kukubishia.

Dakika 5 za kwanza uliza kwa mdomo: nusu mkate ukiongezewa robo, umefika mkate mzima? Wajibizane wawili wawili. Kisha dakika 15 za kukunja: kipande cha kwanza nusu, cha pili robo, cha tatu kibaki kizima. Wapange nusu na robo juu ya kile kizima, waone robo moja tu imebaki wazi. Hapa mmoja hushika na mwenzake hutazama tu, basi wabadilishane kila swali. Dakika 10 wachore walichokiona, na chini ya mchoro waandike 2/4 + 1/4 = 3/4. Usiruke mchoro, bila huo, karatasi inabaki mchezo na hesabu inabaki kanuni ya kukariri.

Dakika 10 za mwisho kila mmoja afanye peke yake 1/2 + 1/8. Soma swali kwa sauti, maana wapo wanaojua hesabu ila kusoma kunawashinda. Asiyeona vizuri akae mbele. Hilo ni hitaji halisi, si mtindo.

Ukikusanya, tafuta 2/10. Huyo amejumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi na asili (namba ya chini) kwa asili, kama namba nzima. Kumrudishia kanuni hakumfikii. Mpe kipande na rula, kesho yake, kwa swali la jana la 1/2 + 1/4: nusu ni sm 12. Kwa njia yake jibu ni 2/6, yaani sm 8. Muulize: ulikuwa na 12, ukaongezewa, mbona imepungua? Nyamaza, umwache apime mwenyewe mpaka afike 18.